Koh Samui: bahari niliizoea, mahekalu ndiyo yaliyonishika

Tumerudi juzi, mimi na mume wangu, kutoka Koh Samui, kisiwa cha Thailand. Tulivuka kwa feri kutoka Donsak, bandari ya upande wa bara, mwendo wa saa moja na nusu hivi, bahari shwari.

Mimi ni mtoto wa Tanga, minazi na mchanga nimekulia navyo, kwa hiyo ufukwe wa Chaweng haukunibabaisha. Mchanga mweupe, laini kweli, ila watu wamejaa na muziki ni hadi usiku wa manane. Ufukwe wa Lamai tulipumua zaidi. Anayetaka bahari tu, Pangani inamtosha.

Mahekalu ndiyo ya kufuata. Wat Phra Yai ina sanamu ya Buddha ya rangi ya dhahabu, urefu mita 12, iliyojengwa 1972. Unavua viatu chini, unapanda ngazi zenye majoka pande zote mbili. Tulifika saa saba mchana, sakafu inaunguza nyayo, tukawa tunakimbilia vivuli; nendeni asubuhi. Mabega na magoti lazima yafunikwe. Nilikuwa na doti ya kanga mkobani, moja nikajifunga kiunoni, moja mabegani. Mama mmoja muuza maua akashika pindo, akafuata maandishi kwa kidole herufi kwa herufi, akatabasamu. Hatukuelewana hata neno moja, lakini alinichagulia vijiti vya udi na kunionyesha pa kuvichomeka.

Wat Khunaram kuna mwili wa mtawa Luang Pho Daeng, aliyefariki 1973. Ameketi ndani ya kioo, miguu amekunja, miwani myeusi usoni. Nilidhani nitaogopa. Watu wanapiga magoti mbele yake kama wanaomsalimia babu yao, nami nikajikuta nimetulia. (Wanawake, msimguse mtawa aliye hai hata kwa kumpa kitu mkononi.)

Kwa maporomoko ya Na Muang, angalieni msimu. Mvua kubwa huko ni Oktoba hadi Desemba. Sisi tulikwenda mwishoni mwa Januari, maji bado mengi na baridi ya kukata pumzi. Dereva tuliyemkodi alituambia ya juu hayafikiki bila kulipia gari jingine. Si kweli, tulipanda kwa miguu. Udanganyifu ule uliniuma, maana tulikuwa tumemwamini siku nzima. Vaeni raba zenye meno, mawe yana ukoga.