Kupeleka wanafunzi Saadani ukitokea Bagamoyo: maoni yangu

Walimu na wazazi wa Bagamoyo mnaouliza kama safari ya Saadani inalipa, mimi nasema inalipa sana, ila msiende kutembea tu. Sisi tulipeleka watoto wa kidato cha pili, na kabla ya kuondoka walimu wa masomo tofauti walikaa wakatoa karatasi moja ya maswali, hesabu, baolojia, jiografia, historia mpaka Kiswahili, kila mtoto akapewa yake na penseli. Bila ile karatasi ingekuwa pikiniki na picha za simu basi.

Kwa asiyeijua, Saadani imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2005, na raha yake ni kwamba pori linashuka mpaka kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi, halafu kusini kuna mto Wami unaoingia baharini. Yaani nyika, mto, mikoko na bahari vyote unavipata siku moja. Kama unataka wanyama wamejaa kama Serengeti hapa sipo, na simba wapo ila sisi hatukuwaona. Twiga, ngiri, kuro, nyani, hao tuliwaona vizuri tu.

Boti ya Wami ndo kiini cha safari, msiikwepe kwa kubana bajeti jamani. Mwalimu wa hesabu aliwapanga watoto wawiliwawili, mmoja anashika saa mwingine anaandika, kiboko akizama wanaanza kuhesabu mpaka aibuke. Kiboko mkubwa anaweza kukaa chini kama dakika tano lakini wengi wanatoka mapema, kwahiyo kila kundi likapata namba zake na waliporudi darasani wakatafuta wastani na kuchora grafu kwa namba walizozipima wenyewe, sio za kitabu. Hapohapo mwalimu wa jiografia anawaonyesha maji yalivyobadilika rangi kuelekea mdomoni mwa mto, tope linavyotua, na kwanini mikoko inakaa pale na sio juu zaidi, mizizi yake imetoka nje kupumua kwasababu lile tope halina hewa. Watoto wa pwani hawa, mikoko wanaiona kila siku, nguzo za nyumba zao ni boriti za mikoko, ila hakuna aliyewahi kuulizwa kwanini iko vile.

Mbung'o, wale nzi wanaonyonya damu na kuwaambukiza ng'ombe ugonjwa, nao wana somo lao. Wapo na wanauma kwelikweli, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndo maana hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Sasa fikiria shule yenye sketi na suruali za bluu iliyokoza! Sisi tuliambiwa mapema na mwongozaji kwa simu, watoto wakavaa fulana za michezo za rangi ya mpauko. Kule upande wa Mkwaja, kaskazini mwa hifadhi, zamani palikuwa ranchi kubwa ya ng'ombe, na mbung'o ni moja ya vitu vilivyoisumbua sana hiyo ranchi, leo pamerudi kuwa pori la wanyama. Hapo una baolojia, una biashara, una historia ya ardhi, kwa mdudu mmoja tu.

Historia yenyewe ipo kijijini Saadani. Watoto wanakariri Abushiri na Bwana Heri kwa ajili ya mtihani, wakati Bwana Heri alikuwa mtawala wa hapohapo Saadani, na vita vya 1888 mpaka 1890 dhidi ya Wajerumani vilipiganwa pwani hii hii, Pangani, Bagamoyo na Saadani. Nilimwona binti mmoja amesimama anaangalia bahari anauliza meli za Wajerumani zilitia nanga wapi. Hilo swali darasani halijawahi kuulizwa.

Na hili ndo lililonigusa zaidi. Mwongozaji wetu aliongea Kiswahili mwanzo mwisho, kilichonyooka, akawaeleza kasa anavyopanda ufukwe wa Madete kutaga, na kwamba joto la mchanga ndo linaamua vifaranga wawe majike au madume, mchanga ukiwa wa moto zaidi majike wanazidi. Watoto ambao darasani kwa Kingereza hawanyooshi mkono mwaka mzima walimzunguka wakimuuliza, je dunia ikizidi joto madume yataisha? Mtoto wa kidato cha pili huyo! Akili wanayo, mlango tu ndo tunawafungia. Naomba sana walimu, kule muwaache waulize na waandike kwa lugha yao, Kingereza watakifanyia kazi wakirudi kwenye ripoti.

Mambo ya kuangalia. Viingilio mtumie barua ya shule mapema hifadhini mpate maelekezo na kontrol namba ya kulipia, msisubiri getini. Gari kodini kwa mtu mnayemwamini, letu lilichelewa kuja, tukaingia jua limeshapanda na wanyama wengi wameshajificha kivulini, iliniuma kwasababu wazazi walijinyima kuchanga ile hela. Ondokeni alfajiri kabisa. Chakula na maji bebeni vya kutosha kutoka nyumbani, na takataka zote mrudi nazo.

Wa Tanga mnaopitia Pangani mambo ni yaleyale. Nendeni kuanzia Juni ardhi ikishakauka, masika ya Machi mpaka Mei msijaribu na kosta, ule udongo mweusi ukilowa gari haitoki. Mwenye kutaka karatasi yetu ya maswali aniambie ntamtumia, abadilishe tu kulingana na darasa lake.