Gesti ya ufukweni Jambiani ukiwa na watoto: uzoefu wangu

Gesti tuliyofikia ni ndogo, ya vyumba kumi hivi, paa la makuti, na mchanga unaanzia mlangoni. Naipa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya maji ya bafuni na roshani ya juu, nayaeleza chini. Ila kinachowaudhi wengi wanaofikia Jambiani, Paje au Bwejuu si gesti. Ni kwamba wamepanga tarehe bila kuangalia mwezi wa angani.

Pwani hii ya mashariki ya Unguja ina mwamba mbali huko nje, na kati ya mwamba na ufukwe maji ni ya kina kifupi. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, maji yakipwa kinachobaki ni mchanga, vidimbwi na nyasi za bahari, na wa kuogelea lazima asubiri. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hushika zaidi siku moja mbili baadaye, yaani karibu na tarehe 2 na tarehe 16 za mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi alasiri. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Wiki moja baada ya bamvua ni maji mafu: hayaendi mbali wala hayaji kwa nguvu, na hujaa asubuhi, ile saa ambayo wakati wa bamvua yalikuwa yamekwenda zake.

Kwa hiyo chagua kulingana na watoto ulio nao. Wa miaka miwili hadi sita wanafurahia zaidi bamvua, maana vidimbwi vya asubuhi vina maji ya magotini, ya uvuguvugu, yasiyo na wimbi. Wakubwa wanaotaka kuogelea asubuhi wapelekwe wakati wa maji mafu. Gesti nyingi huning'iniza jedwali la maji kujaa na kupwa pale mapokezi. Lipige picha siku ya kwanza.

Kutembea hadi karibu na mwamba ni raha, ila kuna namna yake. Ondokeni muda wa kama saa mbili kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, na saa hiyo ya mwisho ikifika muwe mmeshageuza kurudi. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huingia kidogo mno, mtu akadhani bado ana nafasi, kisha saa ya tatu na ya nne huingia nusu ya maji yote. Tena hayaji kutoka mbele peke yake. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yenu, mlipo panaonekana pakavu, kumbe katikati yenu na ufukwe maji yamefika kiunoni. Mchukue kijana wa kijijini awaongoze, mkubaliane bei kabla ya kuondoka.

Viatu ni lazima. Yeboyebo zinafaa zikiwa na mkanda wa kisigino, bila hivyo tope linazivua. Malapa yaache chumbani. Shokomzoba, wale wa miiba mirefu myeusi, hujificha kwenye nyasi na pembeni mwa mawe, na mwiba wao hukatikia ndani ya ngozi. Mtoto akichomwa, loweka mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuyavumilia, yasizidi nyuzi 45, kwa nusu saa au zaidi. Mtu mzima ajaribu kwanza kwa mkono wake. Kinachoonekana kitoe kwa kibano, kilichozama usikichokonoe. Ukivimba au mwiba ukiwa kwenye kiungo, hospitali ya Makunduchi iko kusini yenu, si mbali kwa gari. Na mashamba ya mwani yenye vigingi na kamba ni mali ya watu, akina mama wanayahudumia maji yakipwa. Watoto wapite pembeni, wasiruke kamba.

Sasa gesti yenyewe. Neno "chumba cha familia" ulichunguze kabla hujatuma pesa. Sehemu moja ni vyumba viwili vyenye mlango katikati, kwingine ni kitanda kikubwa na godoro la sponji sakafuni. Uliza: vitanda vingapi, vya futi ngapi, na kila kitanda kina chandarua chake? Godoro la chini mara nyingi halina, na ndiko analazwa mtoto. Sisi husafiri na chandarua kimoja cha duara, kamba ya mita 3 na misumari ya kupigilia. Ukifika, kagua matundu kukiwa bado na mwanga, na magharibi ikikaribia kichomeke chini ya godoro pande zote, si kukiachia kining'inie kama pazia.

Bei nayo: ni ya chumba au ya kichwa? Mtoto analipiwa kuanzia umri gani? Bei ya mkazi ipo? Ukiulizia kwa Kiswahili kwa simu, ukatuma na picha ya kitambulisho, mara nyingi unapata bei tofauti na ile ya mtandaoni. Omba jibu kwa maandishi, maana anayepokea simu siye atakayekuwa zamu siku mnayofika.

Maji ya bafuni ni ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe, karibu na bahari, kwa hiyo yana chumvi. Sabuni ya kipande haitoi povu, nywele zinakakamaa, na mtoto mwenye upele yatamwasha. Beba sabuni ya maji, na ndoo ndogo ya maji ya kunywa, yasiyo na chumvi, kwa kumsuuzia mwisho. Gesti yetu ilikuwa na tangi lililonyanyuliwa mita chache tu, hivyo bomba la ghorofani lilikuwa linadondosha badala ya kumwaga. Chumba cha chini kina maji ya nguvu zaidi, ila mchanga unaingia hadi kitandani. Beseni la kuoshea miguu mlangoni linamaliza kesi hiyo, liombe.

Maji ya kunywa nunueni dumu la lita 20 dukani kijijini badala ya chupa ndogo za gesti. Watu watano kwenye joto la Januari humaliza lita 10 hadi 12 kwa siku, kukiwamo ya kusukutulia na ya uji.

Umeme ukikatika, jenereta lipo, lakini uliza linawasha nini na hadi saa ngapi. Letu liliwasha taa na feni, kiyoyozi halikuweza, na usiku wa manane huzimwa. Chumba chenye madirisha pande mbili ni bora kuliko chenye kiyoyozi na dirisha moja. Wakati wa kusi, Juni hadi Septemba, upepo unatosha na wakati mwingine unazidi. Kaskazi ya Januari na Februari ndiyo yenye joto la kukosesha usingizi. Aprili na Mei ni masika, baadhi ya gesti hufunga kabisa.

Roshani ya juu: pengo kati ya nguzo za kizuizi lisizidi sentimita 10. Ya kwetu ilipitisha kichwa cha mtoto wa miaka mitatu, tukaomba kuhamishiwa chini na wakatuhamisha bila maneno. Penye bwawa la kuogelea, uliza kama lina uzio.

Jikoni sina lawama, ila chakula cha usiku agizeni kabla ya saa sita mchana. Samaki hununuliwa kwa wavuvi baada ya ninyi kuagiza, na pweza huchemshwa muda mrefu hadi alainike. Mkikaa mezani saa moja usiku bila oda, mtakula saa tatu, watoto wamelala. Waagizie wao wale saa kumi na mbili: wali wa nazi na changu wa kukaanga, pilipili kando. Chai ya asubuhi ilikuwa na chapati, mayai na matunda ya kutosha hata kufunga ya njiani.

Kutoka mjini ni zaidi ya kilomita 50. Daladala namba 309 inafika, ni rahisi, ila na mabegi na watoto kodisheni gari. Toeni pesa taslimu mjini. Kijijini mama na mabinti wajitande khanga wakitoka ufukweni.

Chumba hurudishwa saa nne asubuhi. Ikiwa boti yenu ya Dar ni ya alasiri, ombeni mapema chumba kimoja cha kuogea kabla ya safari, na mtoke Jambiani muda wa saa tatu kabla ya boti kung'oa nanga. Dawa ya kichefuchefu mnywesheni mtoto nusu saa kabla ya kupanda, si akishaanza kutapika.