Turbo ya kiwandani au kisanduku cha kutyuni?

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hesabu inaanzia hapo. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, huzunguka kwa kasi zaidi kupata presha ambayo Mombasa ingeipata bila kutoka jasho. Ukiliacha gari lilivyotoka kiwandani, turbo bado ina akiba kidogo ya uwezo. Ukifunga kisanduku cha kutyuni, kifaa kidogo cha umeme kinachoidanganya kompyuta ya injini kwamba presha ni ndogo kuliko ilivyo, akiba hiyo unaila.

Raha ipo, sikatai. Ukipanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya lori, unagusa tu na gari linaruka. Kwenye foleni ya Mombasa Road, lakini, wewe na mwenye Probox isiyo na turbo mko sawa.

Kisanduku unaking'oa ukitaka. Ila magari mengi ya turbo kutoka Japani yalipangiwa petroli ya oktani (uwezo wa kutolipuka kabla ya wakati) ya juu kuliko super yetu, na injini ikianza kugonga kwa milipuko hiyo ya mapema, pistoni hazitakusubiri, zitaharibika. Bima nayo ijulishwe.

Mimi ningeanza na plagi mpya na mpira wa intakula (intercooler, kipoozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo). Wangu ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umejificha chini ya klipu. Nilipoubadilisha nikadhani nimewekewa injini nyingine.