Xpra: dirisha lisilokufa mtandao unapokatika

Anayetaka kufungua programu yenye madirisha iliyo kwenye seva ya mbali huelekezwa kwanza kwenye amri ya ssh -X, inayoleta madirisha hayo kwako kupitia SSH, yaani muunganisho uliosimbwa wa kuifikia kompyuta ya mbali, na kwa kazi ya ndani ya ofisi moja sina la kuilaumu. Lakini QGIS, programu ya ramani ninayoitumia, iko kwenye seva ya Linux katikati ya mji wa Lubumbashi, nami mara nyingi huifikia kutoka nyumbani Katuba kwa mega za simu, na huko amri hiyo huchosha. Itifaki ya X11, yaani kanuni za kuchora madirisha ambazo ssh -X huzitegemea, iliyotoka mwaka 1987, hutaka programu na skrini zijibizane kila mara, kwa hiyo kila jibu linalochelewa huchelewesha hata menyu kufunguka. Ukiongeza -C, data hubanwa, ila safari za kwenda na kurudi hubaki zilezile. Baya zaidi, muunganisho ukikatika, programu hufa pamoja na ramani ambayo haijahifadhiwa.

Xpra, ambayo ni programu huria, hupita humohumo ndani ya SSH, lakini huichorea QGIS skrini bandia upande wa seva na kukuletea picha ya dirisha tu, ikiwa imebanwa kulingana na hali ya mtandao. Umeme ukikatika mtaani na modemu ikazimika, uchakataji huendelea kule kwenye seva. Ukirudi, unaandika xpra attach na kukuta hata kisanduku cha kuchagua rangi za tabaka kingali wazi. Tena haihitaji X11Forwarding, mpangilio wa SSH unaoruhusu kupitisha X11, iruhusiwe kwenye seva, na programu ya mbali haiigusi skrini yako halisi, tofauti na ssh -Y, aina ya ssh -X isiyo na vizuizi, inayoipa programu hiyo imani ya kuweza kusoma hata unachoandika kwenye madirisha mengine.

Kasoro zipo. Ni lazima isakinishwe pande zote mbili, maandishi hufifia kidogo ramani inaposogezwa, na kibodi yangu ya AZERTY, yaani yenye mpangilio wa Kifaransa, kama zilivyo nyingi hapa kwetu, ilitoa q badala ya a hadi nilipotaja mpangilio wa fr katika amri. Vikao vilivyoachwa wazi navyo huendelea kula kumbukumbu ya seva, jambo ambalo msimamizi wetu halipendi hata kidogo. Xpra list huvionyesha, na xpra stop huvifunga.