Uzoefu wangu: kituo kidogo cha treni Brighton, mashine mbovu na mkaguzi asiye na adabu

Nilikusudia kukipa kituo hiki cha kitongojini nyota nne. Ni kisafi, na dirisha lake la tiketi lilinusurika mwaka 2023, wakati mpango wa kuyafunga madirisha kama hayo kote Uingereza ulipoachwa baada ya wananchi kuupinga. Dada wa zamu ya asubuhi anastahili hizo nyota zote.

Tatizo ni alasiri, dirisha likishafungwa. Hivi karibuni nilikuwa na shangazi yangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, na kilichobaki ni mashine moja tu. Ukigusa jina la kituo, inachagua la chini yake. Ukirudia, skrini inaganda, kadi yako ikiwa bado imo ndani. Hapakuwa na hata karatasi ya kutuonya. Niliipiga picha, treni ikaja, tukapanda.

Mkaguzi alitufikia tulipokuwa tunalikaribia daraja la matao 27 la mwaka 1846, ambalo shangazi alikuwa na hamu kubwa ya kuuona mji kutoka juu yake. Kanuni ziko wazi kwamba abiria hatozwi faini ikiwa kituoni alikopandia hakukuwa na njia ya kununua tiketi. Nilimweleza hivyo kwa heshima na kumwonyesha picha, naye akakataa hata kuitazama. Badala yake alimwinamia shangazi, mama mtu mzima aliyefundisha Kiingereza miaka mingi, akamtamkia neno mojamoja kwa sauti ya juu kana kwamba ni kiziwi, huku behewa zima likisikiliza. Daraja likapita bila yeye kuliona.

"Mwanangu, mlipe atuondokee," aliniambia, akafungua pochi yake mwenyewe. Tangu Januari 2023 faini hiyo ni pauni 100 juu ya nauli, na nusu yake ukilipa ndani ya siku 21. Alilipa nusu.

Huenda mtu akasema kosa ni la mkaguzi, si la kituo, na hapo awali hata mimi niliona hivyo, ndiyo maana nilishusha nyota mbili tu. Lakini nimepita tena hapo juzi, na mashine ni ileile, haijaguswa, na wazee wanahangaika nayo wakati treni inaingia. Anayeiacha hivyo anajua kitakachowapata abiria mbele ya safari. Nimekata rufaa na picha nimeiambatisha. Nyota ni moja, ya yule dada wa asubuhi, na haitaongezeka mpaka pesa za shangazi zirudishwe pamoja na barua ya kumwomba radhi kwa jina lake.