Nimejaribu mfumo wa kubeti farasi: angalia odi kabla ya kulipia

Nimeutumia mfumo huu, ambao muuzaji hukutumia ujumbe wa farasi wa kubeti, kwa kipindi chote cha majaribio, na jibu langu kwa anayetaka kuulipia usajili wa mwaka ni hapana. Jina lake naliacha, kwa kuwa mifumo ya aina hii ni mingi na kasoro zake zinafanana.

Tangazo linajivunia kwamba theluthi ya farasi unaowachagua hushinda. Kwa anayezijua mbio, hilo si la kushangaza. Farasi mwenye odi (kiasi unachorudishiwa kwa kila 1 uliyoweka akishinda, dau likiwemo) ndogo kuliko wenzake hushinda takriban mbio moja kati ya tatu, na bado ukimbeti yeye kila mara pesa inakwisha polepole, maana kampuni ya kubeti imeshakata chake kwenye odi. Chukua mbio za farasi wanane, kila mmoja kapewa odi ya 7.0. Ukiwabeti wote dau la 1, umetoa 8 na utarudishiwa 7. Pengo hilo mfumo wowote lazima ulizibe kwanza ndipo uanze kuzungumzia faida.

Kwa hiyo nilichokikazia macho ni odi. Jedwali la muuzaji linaandika odi ya juu kabisa iliyowahi kuonekana kwa kila farasi. Mimi nilipokea ujumbe asubuhi pamoja na wateja wengine wote, na nikifungua akaunti nakuta odi imeshaporomoka. Farasi mmoja aliyeandikwa 6.0 nilimkuta 4.5, na hakupanda tena hadi mbio zilipoanza. Piga hesabu uone uzito wake: kati ya farasi 100, kila mmoja kwa dau la 1, wakishinda 20 kwa odi ya 6.0, unarudishiwa 120, faida ni 20. Washindi walewale 20 kwa 4.5 wanakurudishia 90, umeliwa 10. Hakuna farasi aliyebadilika hapo, wala ubashiri wowote uliokosewa.

Kanuni za kuchagua farasi muuzaji kaziandika wazi, nampongeza kwa hilo. Farasi awe alimaliza ndani ya tatu bora mbio zilizopita, umbali usizidi mita 1,600; hayo yanaeleweka. Kisha unakuta hii: asibetiwe kwenye kiwanja kinachopinda kushoto mwezi Septemba. Kwa nini Septemba? Nilimwuliza, akanijibu kwamba takwimu ndizo zinavyosema. Kanuni isiyo na sababu inayomhusu farasi, mpandaji au uwanja imewekwa ili kufuta hasara za zamani kwenye jedwali. Mbio zijazo haitazisaidia.

Ukurasa wa dau ndio ulionikasirisha. Anashauri uongeze dau mara mbili kila unapoliwa. Mfumo unaokosa mara mbili kati ya tatu, ukibeti mara mia kadhaa, tarajia kuliwa mara kumi mfululizo. Ukianza na 1, dau la kumi na moja ni 1,024, na tayari 1,023 zimekwenda. Wapo watakaoingia humo na pesa ya kodi ya nyumba au ada ya mtoto, na muuzaji analijua hilo.

Sisemi huwezi kupata faida kwenye mbio kwa kutumia hesabu. Mcheza kamari Bill Benter alifanya hivyo Hong Kong kwa modeli ya kompyuta, tena ndani ya modeli yake aliziingiza odi zinazotokana na dau za watu wenyewe, kwa sababu soko lina habari nyingi kuliko mtu mmoja. Pesa yake ilitoka kwenye kubeti, si kwenye kuwauzia watu mfumo.

Anayekuuzia mfumo mwombe orodha ya farasi wote, walioshinda na walioshindwa, yenye saa aliyotuma ujumbe, odi iliyokuwepo dakika chache baadaye, odi ya mwisho kabla ya mbio, na dau lilelile kila mara. Farasi ishirini thelathini hawatoshi, taka mamia. Odi zake zikiwa kwa kawaida ni kubwa kuliko za mwisho, na wewe unaweza kuzipata, hapo pana kitu cha kulipia. Huyu wangu nilimwomba orodha hiyo mara mbili, akanitumia picha za tiketi zilizoshinda. Usajili sikuuendeleza.