"Nani anafika huko?": CD ya dakika 76 na muuzaji mwenye dharau

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie.

Juzi kati, baridi ya Oslo ikiwa imeniingia mifupani, nilijitupa kwenye kiduka kimoja cha CD na santuri zilizokwishatumika. Jina silitaji. Mkononi nilikuwa na Pure Holocaust, albamu ya bendi ya Immortal, wale jamaa wa Bergen, ile ya 1993. Nyimbo nane, dakika kama 33. Ukipanda nayo basi asubuhi, unashuka imekwisha na meno yanakuuma. Muuzaji akaitazama, akanitazama na mimi, akasema hiyo ni ya wanaoanza. Anayeijua blaki metali, huu muziki wetu wa magitaa makali na mayowe, anasikiliza albamu ndefu. Akanichomolea Dead as Dreams ya Weakling.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Wimbo wa robo saa utanitisha mimi? Nimekulia kwenye taarab, mwimbaji hajafungua kinywa, fidla zimeshazunguka weee mpaka chai imepoa. Nikalipa, kwa ubishi tu.

Weakling ni watu wa San Francisco, na hiyo ndiyo albamu yao pekee. Ilipotoka mwaka 2000 bendi yenyewe ilishavunjika. Nyimbo tano, dakika 76. Haki yao niwape: wimbo wa pili, uliobeba jina la albamu, unapita dakika 20 na sikuangalia saa hata mara moja. Magitaa yanapanda polepole kama maji ya bamvua, unashtukia yako shingoni. Immortal hawajawahi kunifanyia hivyo. Wao wanakuzaba kibao na kuondoka zao. Hata walipojaribu nyimbo ndefu kwenye At the Heart of Winter, 1999, waliweka sita tu wakafunga duka.

Wa nne ukanichosha. Nikaenda kukoroga mchuzi. Nikarudi wa tano umeshaanza, nikakaa, mara: kt-kt-kt-kt. Nikadhani ndio muziki wenyewe! Nikawa natikisa kichwa kabisa. Imepita kama dakika nzima ndipo nikajua CD imekwama.

Nikaitoa, nikaiweka chini ya taa ya jikoni. Mkwaruzo mmoja, kama wa ukucha, ukingoni kabisa. Sasa sikilizeni. CD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje. Nikachukua ile ya Immortal nikaiinamisha kwenye mwanga: unaona kabisa pale muziki unapokoma, na kutoka hapo hadi ukingoni kumebaki upana wa kidole, patupu. Ishike na vidole vya mafuta ya samaki, ichubue, haitakuambia kitu. Ya dakika 76 imejaa mpaka pembeni, pale pale inaposhikwa na kila mtu. Yaani albamu ndefu inafia mwishoni, mahali ambapo ndipo ulipokuwa unaenda.

Nikairudisha. Muuzaji akauliza imekwama wapi. Wimbo wa tano, nikamwambia. Akacheka.

"Nani anafika huko?"

Huyu huyu! Aliyeniambia fupi ni za wanaoanza! Pesa hakurudisha, kubadilisha hakutaka, pole hakuna. Muuza mitumba wa kwetu akikuuzia shati lenye tundu, ukirudi atakuambia "lete nikuangalizie jingine, kaka," hata kama moyoni hataki.

Basi njia nzima nikawa naitukana albamu badala ya mtu. Nikasema ndefu zote ni majivuno. Si hii hapa Transilvanian Hunger ya Darkthrone, bendi nyingine ya Norway, 1994? Haifiki dakika 40. Fenriz, mpiga ngoma wao, alipiga vyombo vyote mwenyewe, akarekodi kwa kimashine cha njia nne, mwendo mmoja mwanzo mwisho kama upepo chini ya mlango, na hakuna anayedai kimepungua kitu. Dakika 76 za nini? Nyota moja duka, nyota moja Weakling, kesi imekwisha.

Usiku usingizi ukakataa. Nataka kujua wimbo ulikuwa unaishia wapi. Nikautafuta kwenye simu, nikaanzia pale CD ilipokwama. Kelele tupu. Haikunigusa hata kidogo. Nikarudisha mwanzo wa wimbo: afadhali, lakini bado. Ikabidi nianze na wa kwanza, spika za masikioni za bei ya chee, blanketi kichwani, kesho kazi. Nilifika mwisho karibu saa nane za usiku, na nilipofika nilikaa na ule ukimya kwa muda, sikutaka kuvua spika.

Kwa hiyo Weakling nyota nne. Duka libaki na moja yake. Nimefikiria nipite nimwambie yule bwana kwamba mimi nimefika, ila namjua, atanichomolea nyingine ya saa mbili.

Na wimbo wa nne ni mrefu mno. Hapo sibadilishi.